Saa Inayouliza Saa

Muuza mikate alimpimia Ailín Zalazar mikate ya mafuta, akaifunga kwenye karatasi, akamsukumia bila kumtazama usoni.

"Msalimie mama yako," alisema. "Mwambie nyanya zake zimenawiri. Mwaka huu zimekunywa zikashiba."

Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri nyuma yake walicheka puani.

"Hizo ni nyanya za wenye watoto wa kompyuta," mmoja alisema. "Kwao mchana hauingii mpaka waukaribishe."

"Wangu mimi kasomea kunyoa nywele, bwana. Nitakufa na kiu."

Ailín alicheka nao, kwa kudhani ni utani tu. Alikuwa ameshafika nje, mkono umeshika mlango wa gari, ndipo maneno yale yalipomwingia. Alikuwa ametoka mjini Mendoza jana yake, aje apumzike kidogo kwa mama yake huku Lavalle, ale matikiti, alale mchana. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinamwita mama yake mwizi wa maji.

Kwenye mfereji wa Las Pircas mtu anaweza kutoroka na mke wa jirani, na baada ya mavuno mawili akakaribishwa tena nyama choma. Mwizi wa maji hakaribishwi. Wajukuu wake wataitwa wajukuu wa mwizi wa maji. Mvua kule ni habari ya kuhadithiana. Kinachonywewa na mizabibu, nyanya na watu ni theluji ya milimani iliyoyeyuka, inayoteremka mferejini kwa zamu.

Mama yake, doña Delfina, alikuwa jikoni, akitia maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa huko.

"Mama, nani anasema tunaiba maji?"

"Jirani yetu, don Amadeo Brunelli. Anasema kama anavyosema siku zote, ila safari hii kapata wasikilizaji. Kunywa."

"Mama!"

"Anasema zamu tatu mfululizo maji yamemfikia pungufu. Pichi zake zinadondoka zikiwa ndogo kama zeituni. Na kwa kuwa maji yananifikia mimi kabla yake, basi mimi ndiye nimeyala. Jumapili naitwa mkutanoni. Nisimame, nimtaje jina, nimwombe radhi mbele ya watu."

"Na usipoomba?"

"Nakosa zamu mbili."

Ailín alitazama nje, kwenye safu za nyanya zilizoanza kuiva. Ilikuwa Januari, jua linapasua udongo. Kukosa zamu mbili mwezi ule kulikuwa sawa na kulitia shamba kiberiti.

"Lakini hukuyagusa maji yake."

"Lango linageuzwa na sanduku lako, siyo na mkono wangu. Unataka sukari au hutaki?"

"Basi nitawafunga midomo. Sanduku huandika kila linachofanya. Nitalifungua, nitoe ushahidi, niwasomee pale pale mkutanoni."

"Liache sanduku, mwanangu."

"Kwa nini niliache?"

"Jua kali."

Ailín alidhani mama yake anamwonea huruma. Akachukua kompyuta yake, kofia na bisibisi, akatoka.

Zamu ya Las Pircas huanzia mkiani. Asubuhi Rosendo, mgawa maji, hufungua lango kuu kwa mkono, na maji huteremka mpaka kwa Delfina, mwenye shamba la mwisho. Saa sita mchana lango dogo la mgawo hugeuka, maji yakaelekea kwa don Amadeo. Jioni Rosendo hufunga lango kuu, na kama hukushiba, shauri yako. Zamani lango la mgawo liligeuzwa na yule ambaye zamu yake imewadia, na kila kiangazi watu walitishiana kwa makoleo. Mwaka juzi wenye mfereji wakakubaliana kuweka sanduku: mota, na kompyuta ndogo ya kuiamuru. Karakana anakofanya kazi Ailín ndiyo iliyolitengeneza, na Ailín mwenyewe ndiye aliyeandika sehemu za ndani kabisa, zile zinazozungumza na vyuma. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa langoni kulinda. Ikifika saa sita watu hula, kisha hulala mpaka jua lipungue makali. Hata don Amadeo alilala, kwa kuwa sanduku halilali.

Alipofika langoni, kijiji kizima kilikuwa usingizini. Bati la sanduku lilikuwa la moto kiasi kwamba alilifungua kwa kushika bisibisi na pindo la shati. Akaunganisha waya, akaliuliza sanduku ni saa ngapi.

Simu yake ilisema saa tisa kasoro. Sanduku lilisema saa tano kasoro za asubuhi.

Alirudia kuuliza, kana kwamba sanduku lilikuwa limemsikia vibaya. Kisha akatazama chini, mferejini. Saa tisa kasoro, na maji yalikuwa bado yanakimbilia kwa mama yake, tulivu, bila haraka, kama watu waendao kwao.

Kompyuta ikizimwa haijui saa. Ndiyo maana ndani yake huwekwa chipu ndogo ya saa, yenye betri yake bapa, inayoendelea kuhesabu gizani wakati kila kitu kingine kimekufa. Umeme ukirudi, kiini cha mfumo huamka kama mtu aliyezimia, na miongoni mwa mambo ya kwanza anayoyauliza mtu kama huyo ni saa ngapi. Anayepeleka swali hilo kwa chipu ni kipande cha programu kinachoitwa kiendeshi. Na chipu ile waliyoitumia ilikuwa na uungwana mmoja. Betri ikiisha, saa ikasimama, chipu huinua bendera. Si bendera ya kitambaa. Ni biti moja tu, yaani tarakimu ya sifuri au moja, ya juu kabisa, inayokaa pamoja na sekunde. Maana yake: nilisimama, msiniamini. Kiendeshi kilichoandikwa sawasawa hutazama biti hiyo kwanza. Kikiikuta imeinuka, hakitoi saa yoyote. Hukiambia kiini wazi kwamba saa haijulikani, na sanduku huwasha taa nyekundu, halisogezi lango, linasubiri mtu aje aliambie saa.

Ailín alifungua kumbukumbu za sanduku. Zilikuwa wazi kuliko alivyotaka. Mwanzoni mwa mwezi zonda, ule upepo wa moto wa kutoka milimani, uliangusha nguzo, na umeme ukakatika tangu alfajiri mpaka asubuhi ikaiva. Betri bapa ilikuwa imeshapikwa na joto la bati. Saa ikasimama. Umeme uliporudi, ikaendelea kuhesabu kutoka pale ilipoishia, nyuma kwa saa nne, na kiini kikaipokea bila swali.

Bila swali, kwa sababu yeye ndiye aliyelifuta swali.

Aliukumbuka mstari wenyewe bila kuufungua, lakini aliufungua. Mahali palipotakiwa kuwa na ukaguzi wa bendera palikuwa na hesabu fupi, safi, ya kuifunika biti ya juu na kuchukua sekunde peke yake. Kando yake aliandika maneno matatu: *kwa muda tu*.

Ilitokea siku ya kuzindua sanduku. Wenye mfereji wote walikuwa wamesimama ukingoni na kofia zao, na betri ilikuwa haijakaa vizuri kwenye kikombe chake. Chipu ikainua bendera, kiendeshi kikakataa kutoa saa, taa nyekundu ikawaka. Rosendo akauliza taa ile ina maana gani. Ailín akajibu kwamba sanduku linaomba kuambiwa ni saa ngapi.

"Saa inayouliza saa!" don Amadeo akapaza sauti. "Jamani, si tungemwajiri kipofu atuonyeshe njia!"

Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Mama yake alikuwa pale, amevaa gauni la kanisani. Ailín alisikia masikio yakiwaka, na usiku ule ule aliketi akahakikisha sanduku lake halitasema tena mbele ya watu kwamba kuna jambo halilijui. Gastón, mwenzake wa karakana aliyekuwa akipitia msimbo wa programu yake, alimwuliza, "Ile bendera umeipeleka wapi?" Akamjibu, "Nitairudisha." Hakuirudisha. Hakuna aliyecheka tena, na hilo lilimtosha.

Sasa alichuchumaa kwenye vumbi, akampigia Gastón simu.

"Ni mimi," alimwambia. "Saa nne nyuma. Bendera."

Upande wa pili kijiko kiligonga sahani. "Ulisema utairudisha."

"Najua nilisema nini!"

"Haya, usinifokee mimi. Sikiliza. Badilisha betri. Rekebisha saa. Weka msimbo ulio sawa. Halafu sema betri iliuawa na joto."

"Betri iliuawa na joto kweli."

"Basi si hata uongo, dada yangu."

Alifanya yote aliyoambiwa. Alirudisha ukaguzi wa bendera, mistari michache tu, kazi ya muda wa kunywa kibuyu kimoja cha mate. Akatoa betri makusudi, akazima, akawasha, akaona taa nyekundu ikiwaka na kiini kikikataa kukisia. Akatia betri mpya, akaliwekea sanduku saa ya kweli. Papo hapo mota ikanguruma, lango likageuka, na maji yakaelekea kwa don Amadeo, saa tatu baada ya wakati wake. Ilikuwa sauti ndogo sana. Ailín alitazama huku na huku kama mtoto aliyevunja sahani. Hakuna aliyeona. Hata mbwa walikuwa wamelala.

Njiani alipita pembeni mwa shamba la pichi. Majani yalikuwa yamejikunja kama mikono ya wazee. Alikaza mwendo.

Siku zilizofuata alikula kidogo, na kila mama yake alipomwuliza amepata nini langoni, alijibu, "Betri." Mama yake aliitikia kwa kichwa. Hilo lilimwuma zaidi. Alijiambia kwamba mama huyu amebebeshwa jina la mwizi na mkono wa binti yake mwenyewe, na bado anamwandalia chai.

Jumapili, baada ya misa, ukumbi wa klabu ulijaa. Mapangaboi yalizungusha hewa ya moto. Mbele aliketi Nicolasa Funes, mkaguzi wa mfereji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha nyumbu, na kando yake Rosendo, aliyevaa saa kubwa kama kifuniko cha sufuria.

"Mimi nafungua, mimi nafunga," Rosendo alianza kabla ya kuulizwa. "Saa yangu hii haijawahi kunidanganya."

"Mke wako je?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nyamazeni!" Nicolasa alisema. "Don Amadeo, sema shida yako. Kwa ufupi, nyama ziko motoni."

Don Amadeo alisimama. Alikuwa amekonda tangu siku ya uzinduzi. Hakupaza sauti, na Ailín alitamani angepaza.

"Mara ya kwanza nilidhani nimelala sana," alisema. "Nimeamka, mifereji yangu mikavu. Nikasema, Amadeo, umezeeka. Mara ya pili nikamwambia mke wangu aniamshe. Mara ya tatu sikulala. Nimekaa juani, nikatazama maji yanakwenda kwa Delfina mpaka saa kumi. Sikugusa lango, kwa sababu tulikubaliana hapa, sote, kwamba hakuna kugusa. Rosendo akaja kufunga, mimi hata robo ya shamba sijalowesha. Ya nne nilijifungia ndani nisione tena. Nusu ya pichi zangu ziko chini. Sasa nauliza: binti kaandika sanduku, mama kanywa maji. Mimi ni mjinga, nifafanulieni."

Ukumbi ulinguruma. Mtu akasema, "Damu ni damu." Mwingine akasema, "Ndiyo maana walilitaka sana sanduku."

Ailín alisimama. Maneno ya Gastón yalikuwa tayari ulimini, laini, yamepangwa.

"Betri ya saa ilikufa kwa joto," alisema. "Zonda ilikata umeme, saa ikasimama, ikarudi ikiwa nyuma. Nimeshabadilisha. Mama yangu hakufanya kitu."

Nyuso zilianza kulegea. Betri kila mtu anaijua. Rosendo alikuwa ameshaanza kusema kwamba trekta lake pia, wakati wa zonda, lakini Nicolasa akamzuia kwa kiganja.

"Ngoja. Kwa hiyo sanduku halikuwa na namna ya kujua kwamba saa yake imesimama?"

Hakuuliza kwa hila. Alitaka tu aandike sababu waende kula. Ailín angeweza kusema hapana. Herufi chache. Akamtazama don Amadeo, ambaye alikuwa akisikiliza kwa mdomo wazi kidogo, kama mtu anayejiandaa kusamehe, na jibu laini likamgeukia mdomoni likawa kama mchanga.

"Lilikuwa na namna," alisema. "Saa yenyewe ilisema. Ina alama ya kusema: nilisimama, msiniamini. Sanduku lilitakiwa kuisikia na kusubiri mtu. Mimi nililiziba masikio."

"Uliliziba vipi?"

"Siku ile ya uzinduzi mlinicheka. Sikutaka mnicheke tena. Nikaondoa ile sehemu inayosema haijui. Likawa linakisia." Akamgeukia don Amadeo. "Halikuharibika. Limefanya nilivyoliamuru. Don Amadeo, pichi zako ziko chini kwa sababu yangu. Naomba radhi. Mbele ya watu wote hawa, naomba radhi."

Hakuna aliyecheka. Angependa wacheke. Walimtazama tu, wale waliomfahamu tangu akiwa na meno ya utoto, nao walionekana kuona haya kwa niaba yake, wengine wakijifanya wanatafuta kitu mifukoni. Don Amadeo alikaa taratibu.

"Nilitania tu siku ile," alisema, kama anayejisemea. "Kila mtu alitania." Kisha akakohoa. "Haya. Nimesikia. Afadhali kusikia."

"Imekwisha basi," Nicolasa alisema, akipiga meza kwa furaha ya njaa. "Binti kaomba radhi, kapokelewa. Imebaki kanuni tu. Doña Delfina, maji ya jirani yalikuingilia bila wewe kujua. Simama, sema neno moja, umwombe radhi Amadeo kama desturi, zamu zako zibaki zako, twende tukale."

Ailín alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu langoni. Aliaibika, ndiyo, angeaibika mpaka anakufa, lakini shamba lilikuwa limepona. Akamgeukia mama yake amsaidie kunyanyuka.

Delfina alikuwa ameshanyanyuka.

"Nilijua," alisema.

"Hakuna anayesema ulijua, mama," Nicolasa alisema haraka. "Tumesema bila kujua."

"Nami nasema nilijua. Mimi silali mchana. Saa sita imepita, maji yanakuja. Saa saba, yanakuja. Nilichukua koleo, nikafungua safu za mwisho, zile ambazo hazijawahi kulowa tangu mume wangu afe. Zamu ya pili nilingojea nione kama yatakuja tena. Yakaja."

"Mama," Ailín alisema. "Mama, kaa."

Uso wake ulikuwa unawaka upya, na safari hii si kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa amejivua nguo mbele ya kijiji amfunike huyu mwanamke, na huyu mwanamke alikuwa analitupa shuka. Alimwonea aibu mama yake, na papo hapo akaona aibu kwa kumwonea aibu.

"Ungeniambia mimi!" don Amadeo alifoka, amesimama tena. "Ungepiga hodi tu! Mimi jirani yako!"

"Kabla ya sanduku nani alikuwa akigeuza lango la mgawo, Amadeo? Wewe. Kwa saa ya mkononi mwako. Na kila Januari saa yako ilikimbia. Mume wangu akikuonyesha yake, unamwambia, nunua nzuri zaidi. Mizabibu ya upande wa kusini tuliing'oa na mizizi yake. Ukapita na gari, ukatupungia mkono. Ulipiga hodi?"

Wazee wa mstari wa mbele waliinamisha vichwa. Don Amadeo aliutazama ukumbi kama anayeomba msaada.

"Hayo ni ya zamani," Nicolasa alisema, sauti sasa ya chini. "Hayakuletwa mkutanoni. Hili limeletwa. Delfina, nakusihi. Neno moja. Ukikataa, kanuni ni kanuni, unakosa zamu mbili, na hii ni Januari."

"Naijua Januari."

"Nyanya zitakufa, Mama," Ailín alisema kwa kunong'ona. Alikuwa amemshika kiwiko. "Sema tu. Nimeshasema mimi, haiui."

Delfina alimtazama binti yake, na macho yake hayakuwa makali.

"Ya kwako ilikuwa yako kuisema, na umeisema vizuri. Mimi radhi ya kumwomba huyu sina." Akaokota mkoba wake kitini, akautia begani, akamgeukia mkaguzi. "Andika zamu mbili, Nicolasa. Simwombi radhi."